Vitenzi modali vya Kiingereza katika tafsiri ya Kifaransa: swali la maana na la wajibu

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu katika mashariki na kusini-mashariki ya Kongo hukikuta Kiingereza akiwa tayari ana lugha mbili: Kiswahili, ambacho ni lugha ya nyumbani, ya soko na ya mazungumzo ya kila siku, na Kifaransa, ambacho ni lugha ya masomo na ya utawala. Kwa sababu hiyo Kiingereza hufundishwa kwa kupitia Kifaransa, na zoezi la kutafsiri kutoka lugha moja hadi nyingine hushika nafasi kubwa katika mafunzo hayo.

Katika zoezi hilo kuna maneno machache yanayoonekana mepesi, lakini yanayompoteza mfasiri mara nyingi. Maneno hayo ni "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would", pamoja na "ought to". Wanasarufi huyaita vitenzi modali, yaani vitenzi visaidizi vinavyoonyesha msimamo wa msemaji juu ya jambo analolisema: kama jambo hilo linawezekana, ni la lazima, limeruhusiwa, linatazamiwa au linashukiwa tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakuna kitenzi modali cha Kiingereza chenye neno moja la Kifaransa linaloweza kukiwakilisha mahali pote. Mfasiri anayetafuta neno badala ya kutafuta maana hukosea, na kosa lake halikomei kwenye daftari la mwalimu. Mfano utatolewa wa kifungu kimoja cha sheria ya kimataifa ambacho matini yake ya Kiingereza na ya Kifaransa yalitofautiana katika kitenzi modali kimoja tu, na ambacho ufafanuzi wake uliigusa Kongo yenyewe.

1. Tofauti ya maumbile

Vitenzi modali vya Kiingereza vina maumbo pungufu. Havipokei kiambishi "-s" cha nafsi ya tatu umoja, havina kitenzi-jina, na kitenzi kinachovifuata hakitanguliwi na "to", isipokuwa baada ya "ought". Kwa kuwa havibadiliki kwa urahisi, Kiingereza kinapotaka kupunguza nguvu ya usemi huacha neno moja na kuchukua jingine. Hivyo "he must leave" hueleza lazima isiyo na mjadala, hali "he should leave" hueleza ushauri au wajibu wa kiasi.

Kifaransa kina njia nyingine. "Pouvoir", "devoir", "savoir" na "vouloir" ni vitenzi kamili vinavyobadilika kwa nafsi, kwa njeo na kwa hali. "Falloir" nacho hubadilika kwa njeo na kwa hali, ingawa hutumika katika nafsi moja tu. Badala ya kubadili neno, Kifaransa hubadili umbo la neno lile lile. "Il doit partir" ni lazima; "il devrait partir", katika hali ya masharti, ni ushauri. Shina ni moja, bali nguvu ya usemi imepungua.

Kutokana na tofauti hiyo mfasiri anakabiliwa na jambo la kwanza la kukumbuka. Kiingereza humpa neno ambalo halionyeshi njeo kwa uwazi, na Kifaransa kinamdai njeo na hali. Hawezi kuandika "pouvoir" au "devoir" bila kuamua kwanza ni lini na kwa kiasi gani. "Could" peke yake yaweza kuwa "pouvait", "a pu", "pourrait" au hata "savait". Kamusi humtajia mfasiri maumbo hayo, lakini haiwezi kumchagulia.

2. Maana mbili katika neno moja

Takriban kila kitenzi modali cha Kiingereza hubeba maana za aina mbili. Aina ya kwanza inahusu tendo na mtendaji: uwezo wake, ruhusa aliyopewa, wajibu alionao. Aina ya pili inahusu ujuzi wa msemaji: anavyokisia, anavyoshuku, anavyohakikisha.

Chukua "may". Katika "you may go out", msemaji anatoa ruhusa, na Kifaransa kitasema "vous pouvez sortir". Katika "it may rain", hakuna anayeipa mvua ruhusa; msemaji anakisia. Hapo Kifaransa hupendelea "il se peut qu'il pleuve", pamoja na hali tegemezi, au "il va peut-être pleuvoir". Kiswahili nacho hutenganisha maana hizo: kwa ya kwanza husema "mna ruhusa ya kutoka", na kwa ya pili "huenda mvua ikanyesha".

"Can" nacho hugawanyika. Uwezo uliopatikana kwa kujifunza huelezwa katika Kifaransa kwa "savoir": "she can swim" ni "elle sait nager". Msemaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hilo, kwa maana lugha yake hufanya vivyo hivyo: "anajua kuogelea". Zaidi ya hayo, Kiingereza hupenda kutia "can" mbele ya vitenzi vya kuona, kusikia na kunusa. Kifaransa hukiacha: "I can see the river" ni "je vois le fleuve", kama vile Mswahili anavyosema "nauona mto" bila kutaja uwezo wa kuona.

"Must" kina lazima ya tendo na lazima ya fikira. "You must work" ni "tu dois travailler" au "il faut que tu travailles". Lakini "you must be tired", maneno anayoambiwa mgeni aliyetoka safari ndefu, si amri ya kuchoka. Ni hitimisho la mtu anayetazama dalili: "vous devez être fatigué", yaani "bila shaka umechoka". Hapa "devoir" huweza kubeba maana zote mbili, lakini "il faut" hakiwezi. Mwanafunzi aliyezoea kuweka "il faut" kila aonapo "must" atatoa sentensi inayomwamuru mgeni achoke.

3. Tatizo la wakati uliopita

Ugumu huongezeka pale Kiingereza kinapotumia kitenzi modali kwa mambo yaliyokwisha kupita. "Could" kinapoeleza hali iliyodumu huwa "pouvait" au "savait": "at five he could read" ni "à cinq ans il savait lire". Kinapoeleza jaribio moja lililoshindikana, huwa "n'a pas pu": "he couldn't open the door" ni "il n'a pas pu ouvrir la porte". Iwapo habari ni ya siku nyingi ambazo mlango ulikuwa haumfungukii, umbo la "ne pouvait pas" ndilo lifaalo. Na "could" katika sentensi ya sharti huwa "pourrait": "if he had money he could travel" ni "s'il avait de l'argent, il pourrait voyager".

Maumbo yenye "have" yanadai uangalifu zaidi. "Should have" ni "aurait dû", na hueleza wajibu ambao haukutimizwa: "they should have warned us" ni "ils auraient dû nous prévenir". "Must have" ni "a dû", na hueleza hitimisho juu ya jambo lililopita: "she must have left" ni "elle a dû partir". Lakini hapo Kifaransa chenyewe kina utata. "Elle a dû partir" yaweza kumaanisha "bila shaka ameondoka", na yaweza pia kumaanisha "ilimlazimu kuondoka". Maana ya pili katika Kiingereza ni "she had to leave". Mfasiri anayeona kwamba muktadha hautoshi kumwongoza msomaji afadhali aandike "elle est sans doute partie" kwa maana ya kwanza, na "elle a été obligée de partir" kwa maana ya pili.

Utata ulio mzito kuliko huo umo katika "might have". "He might have died" ina maana mbili zinazopingana. Ya kwanza: msemaji hajui kama mtu huyo yu hai au amekufa, "il est peut-être mort". Ya pili: msemaji anajua kwamba mtu huyo hakufa, ila alinusurika, "il aurait pu mourir". Kiswahili hakichanganyi habari hizo. Husema "huenda amekufa" au "nusura afe". Mtangazaji wa redio au mtumishi wa hospitali anayetafsiri ripoti ya ajali hawezi kuchukua umbo lolote lililo karibu. Kwa jamaa wanaosubiri habari, umbo moja linaacha shaka ya kifo, na la pili linaleta faraja.

4. "Would" na hali ya masharti

Mazoea ya shule hufundisha kwamba "would" ni hali ya masharti ya Kifaransa. Kanuni hiyo ni ya kweli katika sentensi za sharti, na katika maneno yaliyonukuliwa: "he said he would come" ni "il a dit qu'il viendrait". Lakini "every evening he would sit by the door" haina sharti lolote. Ni desturi ya zamani, na Kifaransa husema "tous les soirs il s'asseyait près de la porte". Vivyo hivyo "she would not answer" mara nyingi ni ukataaji: "elle n'a pas voulu répondre", yaani hakutaka kujibu.

Kinyume chake pia ni kweli. Magazeti ya Kifaransa hutumia hali ya masharti kwa habari ambazo hazijathibitishwa. "Le ministre serait malade" haisemi kwamba waziri angekuwa mgonjwa kwa sharti fulani. Inasema kwamba kuna fununu ya ugonjwa wake. Kiswahili kitasema "inasemekana waziri ni mgonjwa", na Kiingereza kitasema "the minister is reportedly ill". Anayetia "would be" katika sentensi hiyo amehifadhi umbo na kupoteza maana.

5. Ukanushi

Katika lugha ya mapatano na kanuni, ukanushi ndio unaodai tahadhari kubwa kuliko yote. "You must not sign" ni katazo: "vous ne devez pas signer" au "il ne faut pas signer". "You need not sign" ni kuondolewa wajibu: "vous n'êtes pas obligé de signer". Katika Kiswahili tofauti ni wazi kati ya "usitie sahihi" na "si lazima utie sahihi". Mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa huelekea kuona "devoir" ndani ya "must" na ndani ya "need", akazitafsiri sentensi zote mbili kwa umbo moja. Anayesoma tafsiri yake atakatazwa kufanya jambo aliloruhusiwa kufanya.

"May not" nacho kina pande mbili. Katika kanuni ya maktaba, "readers may not remove books" ni katazo: "les lecteurs ne peuvent pas emporter les livres". Katika mazungumzo, "he may not come" ni shaka: "il ne viendra peut-être pas", huenda asije.

6. "Shall" na lugha ya sheria

Katika matini ya kisheria "shall" si alama ya wakati ujao. Ni alama ya wajibu. Kifaransa cha sheria hakihitaji kitenzi modali kwa wajibu huo. Wakati uliopo unatosha. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika aya ya 4, huanza kwa Kiingereza na "all Members shall refrain", na kwa Kifaransa husema kwamba wanachama "s'abstiennent". Mara nyingine Kifaransa hutumia wakati ujao: Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 4 kinachokataza utumwa, lina "no one shall be held" kwa Kiingereza na "nul ne sera tenu" kwa Kifaransa.

Kutokana na hayo, mwanafunzi anayetafsiri sheria ya Kifaransa kwa Kiingereza akaweka wakati uliopo mahali pa wakati uliopo ameigeuza amri kuwa maelezo tu. Na anayetoka Kiingereza kwenda Kifaransa akiandika "devoir" kwa kila "shall" haharibu maana, lakini anaandika Kifaransa ambacho wanasheria hawakizoei.

7. Kifungu cha 41: "ought" na "doivent"

Mfano ulio bora wa uzito wa jambo hili umo katika Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague. Kifungu chake cha 41 kinaipa Mahakama uwezo wa kuonyesha hatua za muda za kulinda haki za pande zote mbili kabla ya hukumu. Kwa Kiingereza hatua hizo ni zile ambazo "ought to be taken". Kwa Kifaransa ni zile ambazo "doivent être prises". Kwa kanuni zilizoelezwa juu, "ought to" kingelingana na "devraient", si na "doivent". Kiingereza kinaelekea ushauri, Kifaransa kinaamuru.

Kwa miaka mingi wanasheria walibishana kama hatua hizo ni amri au ni nasaha. Swali lilikuja kuhitaji jibu katika kesi ya ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, raia wa Ujerumani waliohukumiwa kifo katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Karl aliuawa tarehe 24 Februari 1999. Ujerumani ilipeleka shauri Mahakamani tarehe 2 Machi 1999. Siku iliyofuata Mahakama ilitoa uamuzi kwamba Marekani ichukue hatua zote ilizo nazo ili Walter asiuawe kabla ya hukumu ya mwisho. Kwa Kiingereza uamuzi huo ulisema "should take", na kwa Kifaransa "doivent prendre". Serikali ya Marekani ilishikilia kwamba uamuzi wa namna hiyo haufungi, na Walter LaGrand aliuawa siku ile ile.

Katika hukumu yake ya tarehe 27 Juni 2001 Mahakama ililazimika kuyasoma matini yote mawili kama mfasiri afanyavyo. Ilikiri kwamba "doivent" kina sauti ya amri, na kwamba "ought", tofauti na "must" au "shall", chaweza kudhaniwa kuwa dhaifu. Ilitaja pia hoja kwamba mwaka 1920, kifungu hicho kilipotungwa kwa ajili ya mahakama iliyotangulia, matini ya Kifaransa ndiyo yaliyokuwa asilia. Lakini matini yote mawili yana mamlaka sawa. Kwa hiyo Mahakama ilifuata kanuni iliyomo katika kifungu cha 33 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969: matini yanapotofautiana, itafutwe maana inayoyapatanisha kwa kuangalia kusudi la sheria. Kusudi la kifungu cha 41 ni kuzuia haki isipotee kabla ya kuamuliwa. Ushauri usiofunga usingeweza kutimiza kusudi hilo. Mahakama iliamua, basi, kwamba hatua hizo zinafunga.

Uamuzi huo haukuishia Ujerumani na Marekani. Mnamo Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, na raia wengi walipoteza maisha. Tarehe 1 Julai 2000, katika kesi iliyoletwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ilionyesha hatua za muda. Na safari hii hata Kiingereza kilitumia "must". Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilikumbusha kesi ya LaGrand, ikasema kwamba hatua za muda zinafunga, na ikatamka kwamba Uganda haikuutii uamuzi wa tarehe 1 Julai 2000. Tamko hilo lilitolewa kwa sababu swali la "ought" na "doivent" lilikuwa limekwisha kutatuliwa.

8. Nafasi ya Kiswahili katika mafunzo

Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba Kiswahili si mtazamaji tu katika shughuli hii. Mara nyingi kinatenganisha kile ambacho Kiingereza kinakichanganya: "huenda" na "kuruhusiwa", "usifanye" na "si lazima ufanye", "ilimlazimu" na "bila shaka". Kwa hiyo mwalimu anaweza kumtaka mwanafunzi aeleze kwanza sentensi ya Kiingereza kwa Kiswahili safi, na ndipo aiandike kwa Kifaransa. Sentensi ya Kiswahili humlazimisha kujibu maswali matatu: je, usemi unahusu tendo au makisio, je, jambo limepita, linaendelea au halijatokea, je, nguvu yake ni ya amri, ya ruhusa au ya ushauri?

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mipaka yake. "Anaweza kuja" yaweza kuwa uwezo, ruhusa au makisio, kama vile "il peut venir". Viambishi "-nge-" na "-ngali-" havilingani kila mara na hali ya masharti ya Kifaransa, kama habari za fununu zilivyoonyesha. Na "lazima", kama "must", hutumika kwa wajibu na kwa hitimisho. Kiswahili kitumike basi kama kipimo cha maana, pasipo kugeuzwa kuwa kamusi ya pili.

9. Hitimisho

Vitenzi modali vya Kiingereza ni vichache, na mwanafunzi hujifunza orodha yake katika somo moja. Kuvitafsiri kwa Kifaransa kunahitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila kimoja humtaka mfasiri aamue jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliliacha wazi. Wahitimu wengi wa idara za lugha huitwa kutafsiri mikataba ya kazi, ripoti za mashirika na maamuzi ya mahakama. Ingefaa mafunzo ya vitenzi hivyo yasikomee kwenye sentensi za kitabu cha sarufi, bali yaendelee hadi matini ya aina hiyo, yakiwekwa bega kwa bega kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kifungu cha 41, ambacho ni sentensi fupi na kinapatikana katika lugha zote mbili, ni mahali pazuri pa kuanzia.